MTOTO ANA MENGI YA KUSEMA, MSAIDIE KUYAPANGA

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na wazazi. Tumeyachapa ili ninyi mliokuwa mbali myasome na kuyajadili katika vikundi vyenu.)



Leo sikuja kuzungumza juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Hayo mmeyasikia, na wengi mnayafanya. Leo nimekuja kuzungumza juu ya daftari la mtoto wako.

Mtoto wa darasa la nne anarudi nyumbani na daftari la insha. Ndani yake kuna wino mwekundu. Mwalimu ameandika alama: 4 katika 10. Chini ya alama ameandika hivi: "Panga mawazo yako. Ongeza maelezo." Mtoto anasoma, ananyamaza, anafunga daftari. Mzazi naye anasoma, maana siku hizi unajua kusoma. Halafu na wewe unanyamaza.

Maneno ya mwalimu ni matano tu. Lakini kupanga mawazo ndiyo kufanya nini? Na hayo maelezo yanaongezwa namna gani? Ni kama kumwambia mkulima, "Lima vizuri," bila kumwonyesha nafasi kati ya shina na shina. Mkulima atakubali kwa kichwa, kisha atalima kama alivyolima mwaka jana.

Basi leo tuonyeshane hiyo nafasi kati ya shina na shina. Tuone mzazi aliyepitia kisomo anaweza kufanya nini, jioni, pale jikoni, bila kitabu na bila fedha.

INSHA ISIYO NA KOSA NA ISIYO NA KITU

Hebu tuangalie insha moja. Nimeitunga mimi kwa mfano, lakini walimu waliopo hapa wataitambua. Zipo nyingi za namna hii. Inasema hivi:

"Mnada. Jumamosi tulikwenda mnadani. Mnada ulikuwa mzuri. Kulikuwa na watu wengi na vitu vingi. Baba aliuza mbuzi. Tulikula. Tulirudi nyumbani. Kulikuwa na ng'ombe wengi. Nilifurahi sana."

Tafuteni kosa la herufi. Hakuna. Kila sentensi imeanza na herufi kubwa na imeishia kwa nukta. Mtoto huyu amefundishwa, naye ameshika.

Lakini je, tumeuona mnada? Hatukuuona. Insha hii angeweza kuiandika mtoto yeyote, hata yule ambaye hajawahi kufika mnadani. "Watu wengi." Wengi ndiyo wangapi? "Baba aliuza mbuzi." Mbuzi yupi? Kwa nini auzwe? Halafu tazameni mpango wake. Mtoto amekwisha kurudi nyumbani, mara ng'ombe wanatokea. Wametokea wapi? Wamemfuata mpaka uani?

Kwa hiyo upungufu uko mahali pawili. Kwanza, mambo hayakufuatana. Pili, mambo hayakuelezwa. Mwalimu alisema kweli. Ila hakupata nafasi ya kumkalisha mtoto huyu mmoja na kumwonyesha, kwa sababu darasani mwake wako watoto wengi na saa ya kipindi ni fupi.

KWA NINI MTOTO ANAANDIKA HIVYO?

Msifikiri mtoto huyu ni mjinga au mvivu. Siku ile ile aliporudi mnadani alikaa na wenzake chini ya mwembe akawasimulia. Aliigiza sauti ya dalali. Aliigiza mlevi aliyekanyaga mafungu ya nyanya. Wenzake walicheka mpaka machozi. Maneno anayo. Sasa kwa nini hayakufika kwenye karatasi?

Sababu ya kwanza ni hii: karatasi haiulizi. Ukisimulia kwa mdomo, msikilizaji anakusaidia. Anasema, "Ehe, halafu?" Anasema, "Nani huyo?" Akikunja uso, unajua hajaelewa, nawe unarudia. Lakini anayesoma yuko mbali. Hawezi kukuita. Karatasi ikishatoka mkononi mwako, wewe huendi nayo. Kwa hiyo mwandishi lazima ajibu maswali kabla hayajaulizwa. Hilo ni jambo gumu, na mtoto hulijua tu kama kuna mtu wa kumfundisha.

Sababu ya pili, mkono wa mtoto ni mzito bado. Ninyi wenyewe mnakumbuka siku zenu za kwanza za kisomo. Ukiwa unaitafuta herufi, wazo linakimbia. Mtoto naye anafupisha ili amalize. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipangwa upya, ukawekwa juu ya zile K tatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ni jambo jema. Lakini hiyo K ya kuandika ina vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni kuumba herufi. Cha pili ni kusema jambo lako kwa maandishi likaeleweka. Wengi huishia chumba cha kwanza wakadhani nyumba imekwisha.

Sababu ya tatu, watoto wengi wetu nyumbani wanasema Kisukuma, Kigogo, Kihehe au lugha nyingine ya kwao. Habari ya mbuzi iko kichwani kwa lugha ya mama. Kuitafsiri na kuiandika kwa pamoja ni mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

Sasa tuone hatua. Ziko tano.

HATUA YA 1: AZUNGUMZE KWANZA

Kabla mtoto hajashika penseli, mwambie akusimulie. Asimulie kwa lugha ile anayoiweza zaidi. Kiswahili kitakuja baadaye. Kama ana aibu, mwambie achore kwanza. Akichora mbuzi na kamba, utamwuliza juu ya picha yake naye atafunguka.

Njia hii si ngeni kwenu. Tangu mwaka 1968, katika mikoa ya Ziwa, ulipoanza mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, vitabu vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Watu walianza na mambo wanayoyajua. Walizungumza kwanza, kisha wakasoma na kuandika. Kule Brazili, mwalimu Paulo Freire alifanya vivyo hivyo na watu wa mji wa Angicos mwaka 1963. Picha na mazungumzo vilitangulia, maandishi yakafuata. Ikiwa njia hii imewafaa watu wazima, kwa nini isiwafae watoto wao?

HATUA YA 2: MUULIZE KAMA MGENI

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Wewe mzazi unakuwa ile karatasi, ila karatasi inayouliza. Maswali ni sita tu, yashikeni: Nani? Nini? Wapi? Lini? Namna gani? Kwa nini?

Tuseme mama amekaa anapukuchua mahindi, na mtoto yuko karibu na daftari lake. Mama anamjua huyo mbuzi, na habari yote anaijua. Lakini anauliza kama mgeni aliyefika leo. Sikilizeni.

Mama: Mwanangu, hapa umesema watu walikuwa wengi. Wengi kiasi gani?

Mtoto: Wengi sana, mama.

Mama: Mimi sikuwapo. Niambie jambo litakalonifanya niwaone.

Mtoto: Tulipofika penye nguo, baba alinishika mkono nisipotee. Hakuniachia mpaka tulipotoka.

Mama: Ehe! Sasa nimewaona. Na huyo mbuzi, mtu asiyetujua atamtambuaje?

Mtoto: Si yule mwenye baka jeupe usoni. Yule ninayemchunga mimi.

Mama: Nani alimvuta mpaka mnadani?

Mtoto: Mimi. Njiani alikuwa anasimama simama, anageuka nyuma.

Mama: Na huyo aliyemnunua, alifanya nini?

Mtoto: Alikuwa na koti refu. Alimpapasa mgongo. Akamfungua mdomo, akatazama meno.

Mama: Kwa nini mlimuuza?

Mtoto: Baba alisema dada anataka sare ya shule na viatu.

Mama: Ikawaje alipochukuliwa?

Mtoto: Yule mtu alimfunga kamba yake. Ile yetu akanirudishia. Nikarudi na kamba tu.

Mama: Lakini hapa umeandika, "Nilifurahi sana."

Mtoto: Insha ndivyo inavyoisha, mama.

Ndugu zangu, mmesikia hilo jibu la mwisho? Mtoto anadhani insha ina maneno yake, na yeye ana maneno yake, na hayakutani. Ameuza mbuzi wake, moyo unamuuma, lakini ameandika amefurahi, maana ndivyo alivyoona wengine wakiandika. Hapo tusiseme mtoto amekosa maelezo tu. Amejifunza kuandika jambo lisilo kweli ili apate alama. Tukimwacha hivyo mpaka awe mtu mzima, atakuwa na kalamu isiyo yake.

Angalieni pia mama alivyouliza. Hakusema, "Ongeza maelezo." Alisema, "Niambie jambo litakalonifanya niwaone." Hakumwambia aongeze neno "sana". Maelezo siyo kusema "mzuri sana sana". Maelezo ni kitu kilichoonekana kwa macho, kilichosikika kwa masikio, kilichoshikwa kwa mkono, kilichonusa, kilichoonjwa. Ni rangi ya baka, ni idadi, ni jina la mahali, ni sababu. Ile kamba iliyobaki mkononi inasema kuliko "sana" kumi.

Neno moja la tahadhari. Mambo mengine ni ya nyumbani. Mtoto akigusa jambo ambalo hamtaki litoke nje, mwambie kwa upole, "Hili tulizungumze sisi, usiliandike." Msimgombeze. Akigombezwa kwa kusema kweli, kesho atarudi kwenye "mnada ulikuwa mzuri".

HATUA YA 3: CHAGUENI JAMBO LENYEWE

Sasa mtoto ana mambo mengi. Kuna dalali, kuna mlevi na nyanya, kuna ng'ombe, kuna nguo, kuna mbuzi. Je, yote yaingie? Hapana. Mama akipepeta mchele haachi pumba eti kwa sababu nazo zilitoka shambani.

Mwulize mtoto swali moja: "Ukiambiwa usimulie jambo moja tu la siku ile, utasimulia lipi?" Huyu wetu atasema, "Mbuzi." Vizuri. Hilo ndilo jambo lenyewe. Kila kitu kinachosaidia habari ya mbuzi kinabaki. Kisichosaidia kinasubiri insha nyingine. Ng'ombe waondoke. Mlevi wa nyanya aondoke, hata kama anachekesha. Ule mkono wa baba ubaki, maana unaonyesha watu walikuwa wengi na pia unaonyesha baba anavyomjali mwanawe.

Hata kichwa cha insha kitabadilika. Hakitakuwa "Mnada" tu. Kitakuwa "Siku tuliyomuuza mbuzi wangu". Msomaji akiona kichwa hicho atataka kujua.

Lakini angalieni. Kama mwalimu ametoa kichwa, mtoto akifuate kichwa cha mwalimu. Akiambiwa aandike juu ya mnada, mbuzi atakuwa njia yake ya kuueleza huo mnada.

HATUA YA 4: PANGENI KWA MAWE

Karatasi ni ghali, lakini mawe yapo bure. Okoteni mawe madogo sita au saba. Vigunzi vya mahindi navyo vinafaa. Kila jiwe ni jambo moja. Mtoto aliweke chini huku akilitaja: hili ni safari ya njiani, hili ni mnunuzi, hili ni sababu ya kuuza, hili ni kamba, hili ni kushikwa mkono.

Kisha mwulize: "Lipi litangulie?" Amsogeze huyu mbele, amrudishe huyu nyuma. Atasema, "Sababu ya kuuza ije kwanza, ili watu wajue tunakwenda kufanya nini." Mwingine atapenda sababu ije mwisho. Yote mawili yanawezekana. Muhimu ni mtoto ajue kwa nini ameliweka jiwe pale. Jiwe ni rahisi kulisogeza. Sentensi ikishaandikwa kwa wino ni vigumu kuisogeza, na mtoto huona uvivu kuifuta.

Watoto wakubwa wa darasa la tano na la sita wanaweza kutumia vipande vya karatasi, hata vya mfuko wa sementi. Katika kila kipande wanaandika neno moja au mawili tu, kisha wanavipanga.

Mpango una njia zake. Habari ya tukio hufuata wakati: kilichotangulia kitangulie. Habari ya mahali hufuata jicho: ukieleza shamba, anzia njiani, ingia ndani, fika mpakani, usiruke ruka. Habari ya kazi, kama kupanda au kupika, hufuata hatua: usiseme kusonga ugali kabla maji hayajachemka. Na ukitoa sababu za jambo, iwekeni ile nzito mahali ambapo msomaji hataikosa, mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa.

Baada ya hapo gaweni mawe mafungu matatu: mwanzo, kati na mwisho. Kila fungu ni aya. Aya ni kama chungu. Maharage yana chungu chake na ugali una chungu chake. Mtoto akimaliza fungu moja aanze mstari mpya, aingie ndani kidogo, ili msomaji ajue tumehama.

Kisha yapo maneno ya kuunga: kwanza, kisha, wakati huo, baada ya hapo, kwa sababu, lakini, mwishowe. Watoto hupenda "halafu" peke yake. Halafu tukaenda, halafu tukafika, halafu tukala. Ukisikia "halafu" ya tatu, mwulize, "Kwa sababu gani?" au "Wakati huo wewe ulikuwa wapi?" Atapata neno jingine mwenyewe.

HATUA YA 5: AANDIKE, KISHA ASOME KWA SAUTI

Sasa ndipo mtoto anashika penseli. Anaangalia mawe yake na kuandika. Wewe endelea kupukuchua mahindi. Usimwandikie. Ukimwandikia, alama ni zako, naye atabaki pale pale.

Tuone insha yake ya pili:

"Siku tuliyomuuza mbuzi wangu

Jumamosi asubuhi mimi na baba tulimpeleka mbuzi wangu mnadani. Ni yule mwenye baka jeupe usoni. Baba alisema auzwe ili dada apate sare ya shule na viatu.

Mimi ndiye niliyeshika kamba. Njiani mbuzi alikuwa akisimama na kugeuka nyuma. Tulipofika, watu walikuwa wengi mpaka baba akanishika mkono nisipotee. Mtu mmoja mwenye koti refu alikuja. Alimpapasa mbuzi mgongo, akamfungua mdomo, akatazama meno. Yeye na baba walivutana juu ya bei, mwishowe wakakubaliana.

Yule mtu alimfunga mbuzi kamba yake mwenyewe. Yetu alinirudishia. Nilirudi nayo nyumbani. Jumatatu dada alivaa sare mpya, nami nilifurahi kidogo."

Hakuna neno gumu hata moja. Hakuna methali iliyobandikwa ili kumpendeza mwalimu. Lakini sasa tumemwona mbuzi, tumemwona baba, tumemwona na mtoto mwenyewe. Na mtazame hiyo "nilifurahi kidogo". Hiyo "kidogo" ni kweli tupu.

Akimaliza, akusomee kwa sauti. Sikio hukamata makosa ambayo jicho limeyapita. Mahali atakapokwama, hapo sentensi ina tatizo. Mahali utakaposema, "Sijaelewa," hapo pana swali ambalo hakulijibu.

Katika kusahihisha, tangulizeni habari, herufi zifuate. Ukianza na "hapa umesahau h", mtoto atafikiri jambo kubwa ni h. Kwanza mwambie palipokufurahisha, na umwambie wazi: "Hapa pa kamba nimepaona." Kisha onyesha makosa mawili, usipite hapo. Siku nyingine mengine mawili. Wala msimpige kwa sababu ya insha. Fimbo humfanya mtoto aandike kidogo ili akosee kidogo.

"LAKINI MIMI NI WA KISOMO TU"

Nawasikia mnanong'ona. Mzee mmoja atasema, "Mimi nimepitia kisomo tu, nitamfundishaje mtoto aliye shuleni?" Nami namjibu, mzee wangu: katika hatua zote tano, hakuna iliyokutaka umshinde mtoto kwa kusoma. Kazi yako ilikuwa kusikiliza, kuuliza na kusogeza mawe. Hata mzazi asiyejua kusoma kabisa anaweza kuuliza, "Kwa nini mlimuuza?" Nyinyi wazee ndio mabingwa wa kusimulia. Hadithi mnazozitoa jioni zina mwanzo, kati na mwisho, na hakuna mtoto anayesinzia.

Mwingine atasema, "Hiyo ni kazi ya mwalimu." Ni kweli, na mwalimu anaifanya. Lakini mwalimu hawezi kumwuliza kila mtoto maswali sita katika kipindi kimoja. Walimu nao ninawaomba jambo moja: wakalisheni watoto wawili wawili. Mmoja asimulie, mwenzake aulize, kisha wabadilishane. Dakika kumi zinatosha, ndipo waandike. Hivyo kila mtoto atapata wa kumwuliza.

Mwingine atasema hana muda. Mama zangu, najua mzigo wenu. Sisemi mkae darasani usiku. Nasema mikono ikiwa inapukuchua, mdomo uulize. Mara moja kwa wiki inatosha kuanzia. Na akina baba msijifiche. Baba ndiye aliyekwenda mnadani na mtoto. Njia ya kurudi nyumbani ni ndefu. Mwulizeni huko huko njiani.

BARUA ZETU NAZO

Jambo hili si la watoto peke yao. Hebu tujitazame sisi. Kijiji kina kisima cha pampu na pampu imeharibika. Wananchi wanaandika barua hivi:

"Kwa Mtendaji. Pampu yetu ni mbovu. Tunateseka sana. Tunaomba msaada wa haraka. Ni sisi wananchi."

Hii ni ndugu yake ile insha ya mnada. Anayeisoma haoni kitu. Pampu ipi? Imeharibika lini? Imeharibika nini? Ni watu wangapi? Mmefanya nini wenyewe? Aje amtafute nani? Barua hii itawekwa chini ya nyingine, na si lazima iwe kwa ubaya. Msomaji hajui aanzie wapi.

Sasa tuulizane maswali sita, tusogeze mawe, tuandike tena:

"Pampu ya kisima kilicho karibu na shule ya msingi iliharibika tarehe 3 mwezi huu. Mpini unapanda na kushuka lakini maji hayatoki. Kaya 46 huchota hapo. Kwa sasa tunachota bwawani wanakonyweshwa ng'ombe, mwendo wa saa moja kwenda na kurudi. Tumechanga shilingi 60,000 kwa ajili ya matengenezo. Tunaomba fundi aje aikague na atuambie ni kiasi gani kinapungua. Katibu wa kikundi cha maji atampokea na kumwonyesha."

Mwishoni waweke majina, sahihi na tarehe, na nakala moja ibaki kijijini. Barua hii haina kilio kikubwa, lakini ina nguvu. Anayeisoma anajua la kufanya. Asipolifanya, katika mkutano mkuu wa kijiji mna karatasi ya kusimama nayo, na kila mtu ataona tarehe.

Mimi katika kazi yangu nimesoma barua nyingi za watu, za mipaka ya mashamba, za mirathi, za fedha za kikundi. Mara nyingi mwenye haki anaandika mistari mitatu ya "naonewa sana". Haki yake ipo, lakini haionekani kwenye karatasi. Halafu anakwenda kwa mtu amwandikie. Anayeandikiwa na mwingine husema yale aliyoyaelewa yule mwandishi, na wakati mwingine husema yale yanayomfaa yule mwandishi.

Mwaka 1964, akiutoa Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba lazima tuanze kuelimisha watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto itachukua miaka mingi kabla ya kuleta matunda. Mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Leo tunaweza kuyaunganisha yote mawili. Mtu mzima anayemwuliza mtoto maswali sita anajifunza naye. Jioni anamsaidia mtoto kuandika habari za mbuzi, kesho yake mwenyewe anaandika habari za pampu.

MWISHO

Ndugu zangu, nimalize. Ninaomba jambo moja tu. Wiki hii, chagua siku moja. Mwambie mtoto wako akusimulie jambo alilolifanya kwa mikono yake: kuchunga, kuvua, kuteka maji, kumbeba mdogo wake. Uliza kama mgeni. Okoteni mawe. Kisha aandike, akusomee.

Usipoelewa, usijifanye umeelewa. Mwambie, "Mwanangu, hapo sijaona." Neno hilo litamfundisha zaidi kuliko wino mwekundu.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mtoto anayesimulia vizuri kwa mdomo anaweza kuandika insha fupi isiyo na kitu?

2. Tajeni yale maswali sita. Kila mmoja ayatumie kumwuliza jirani yake juu ya kazi aliyoifanya jana.

3. Katika insha ya kwanza mtoto aliandika "Nilifurahi sana." Katika ya pili aliandika "Nilifurahi kidogo." Ipi ni bora, na kwa nini?

4. Je, kijijini kwenu kuna jambo linalotaka kuandikiwa barua? Okoteni mawe, yapangeni, kisha iandikeni barua hiyo pamoja.